Tusililaumu Gongo Jipya

Tangu muhula huu uanze kuna ubishi mkubwa mabwenini juu ya mchezo wa besiboli. Wengine wasema kwamba mchezo umeharibiwa na sheria mpya za magongo zilizotungwa Marekani, maana siku hizi mpira hauruki kama ulivyokuwa ukiruka zamani. Wengine wasema sheria hizo ni za Wamarekani wenyewe, wala hazituhusu sisi wa Uganda hata kidogo. Nimesikiliza pande zote mbili, na kwa ruhusa ya Mhariri nataka kutoa maoni yangu hapa, ili na wakubwa zetu waliokwisha kumaliza masomo wapate kuyapima. Mimi nasema kwamba sheria hizo ni za haki, na kwamba zatuhusu sisi kuliko wengi wanavyodhani. Kama kuna ubaya, ubaya huo hauko katika sheria, bali katika gharama yake, ambayo mara nyingi huachiwa mchezaji na mzazi wake peke yao.

Yafaa niseme mapema kwamba mimi ni mrushaji wa timu yetu. Kwa wale wasioujua mchezo huu, mrushaji ndiye anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Umbali kati yao ni futi 60 na inchi 6, yaani mita 18 na kitu. Basi msomaji akidhani kwamba nautetea uso wangu, hakukosea sana. Lakini na asikie kwanza hoja zangu, kisha ahukumu.

Hapo kwanza magongo yote ya besiboli yalikuwa ya mti. Wachezaji wa kulipwa katika ligi kubwa za Marekani hutumia gongo la mti mpaka leo, na sheria yao haikubali jingine. Lakini gongo la mti huvunjika, na shule yenye wapigaji wengi yaweza kuvunja magongo mengi katika msimu mmoja. Kwa hiyo palipotokea magongo ya alumini watu walifurahi. Ligi ya watoto iitwayo Little League iliyaruhusu mwaka 1971, na vyuo vikuu vikayaruhusu mwaka 1974. Shabaha ya mwanzo ilikuwa nzuri, nayo ni kupunguza gharama. Hakuna aliyefikiri kwamba gongo lingekuwa silaha.

Hata hivyo, mafundi wa viwanda hawakulala. Gongo la mti limejaa ndani. Mpira ukiligonga, ni mpira unaobonyea, na nguvu nyingi hupotea humo humo. Gongo la alumini lina uwazi ndani na ukuta wake ni mwembamba. Mpira ukiligonga, ukuta wenyewe hubonyea kidogo, kisha hurudi kwa haraka na kuusukuma mpira, kama ngozi ya ngoma inavyoirusha punje ya mahindi iliyoanguka juu yake. Zaidi ya hayo, gongo hilo ni jepesi, na kitu chepesi huzungushwa upesi. Mwaka hata mwaka viwanda vilishindana kutengeneza gongo jepesi zaidi na lenye kurusha mpira zaidi, na kila mwenye fedha akalitafuta lile lililo kali kuliko la mwenzake.

Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 1998, katika fainali ya vyuo vikuu vya Marekani iliyochezwa mjini Omaha. Chuo Kikuu cha Southern California kiliwashinda Arizona State kwa pointi 21 kwa 14. Katika mchezo ambao pointi tano au sita zatosha kushinda siku nyingi, hesabu hiyo ilikuwa kama mpira wa miguu kumalizika kwa mabao kumi kwa saba. Watazamaji walipiga makofi, lakini wenye busara walianza kuuliza: je, hapa anayeshinda ni kijana au ni kiwanda?

Baada ya hapo ziliwekwa sheria za kwanza kali. Uzito wa gongo kwa aunsi haukuruhusiwa kupungua chini ya urefu wake kwa inchi ukitoa tatu. Yaani gongo lenye urefu wa inchi 33 sharti liwe na aunsi 30 au zaidi, karibu gramu 850. Unene wake ukawekewa mpaka wa inchi 2 na sehemu 5 za 8. Tena gongo likapimwa kwa mashine, ionekane latoa mpira kwa kasi gani. Lakini viwanda navyo vikaja na magongo ya nyuzi za kaboni, ambayo yana tabia ya ajabu: kadiri yanavyopigiwa mpira ndivyo yanavyozidi kuwa makali. Gongo laweza kufaulu kipimo likiwa jipya, na baada ya miezi michache ya kazi lisifaulu tena. Na wako watu waliokuwa wakiyakandamiza magongo kwa mashine, au kuyakwangua kwa ndani, ili yawive kabla ya wakati wake. Mwaka 2009 chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, kilisimamisha matumizi ya magongo hayo mpaka kipatikane kipimo cha kweli.

Wakati huo huo jambo zito zaidi lilikuwa limekwisha kutokea. Mwaka 2003, katika jimbo la Montana, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akirusha mpira alipigwa kichwani na mpira uliotoka kwenye gongo la alumini, akafa. Wazazi wake walikwenda mahakamani, na mwaka 2009 baraza la wazee wa mahakama liliamua kwamba kampuni iliyolitengeneza gongo hilo ilikosa kuwaonya watu juu ya hatari yake, ikatozwa dola 850,000. Mwaka 2007 mji wa New York ulikuwa umekwisha kupiga marufuku magongo ya chuma katika mechi za shule za sekondari.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kama tunavyofundishwa darasani. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 142 au zaidi kidogo, nao ni mgumu. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, huenda mita 44 kwa sekunde moja. Mrushaji akisha kuutoa mpira mkononi huwa amepiga hatua mbele, hata akawa mita 16 au 17 tu kutoka kwa mpigaji. Basi mpira wamfikia kabla ya sekunde 0.4 kwisha. Katika muda huo sharti auone, atambue unakokwenda, na ainue mkono. Kila kasi inayoongezwa na ukuta wa gongo hukatwa katika muda huo mdogo alio nao.

Kwa sababu hizo kikaja kipimo kipya ambacho alama yake ni BBCOR. Kipimo hiki hutazama mpira unavyodunda kutoka kwenye gongo, na mpaka wake ni 0.50, ambao u karibu sana na gongo la mti. Tena gongo huchokozwa kwanza kwa mashine, ili ionekane kama litazidi ukali likizeeka. Vyuo vikuu vilianza kukifuata mwaka 2011, na shule za sekondari za Marekani mwaka 2012.

Wenzangu wanaosema kwamba mchezo ulibadilika hawasemi uongo. Mwaka 2010 wapigaji wa vyuo vikuu walifaulu mara 305 katika kila mara 1,000. Mwaka 2011 walifaulu mara 282. Ile mipira inayovuka ua wa uwanja, iitwayo homurani, ilipungua karibu nusu: kila timu ilikuwa ikipata 94 katika mechi 100, ikapata 52. Japan nao wamepita njia hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2024 shule zao za sekondari zatumia gongo la chuma lenye ukuta mnene zaidi, na unene wake wa nje umepunguzwa kutoka milimita 67 mpaka chini ya 64. Katika mashindano yao makubwa ya kiangazi ya Koshien zilipigwa homurani 23 mwaka 2023. Mwaka 2024 zilipigwa 7 tu.

Je, huku ndiko kuharibika kwa mchezo? Mimi nakataa. Homurani zilizopotea zilikuwa za nani? Kama mpira uliovuka ua kwa nguvu ya ukuta wa alumini haukuvuka tena, basi hakunyang'anywa mtu kitu kilichokuwa chake. Mpigaji aliyebaki na mikono na macho yake amelazimika kujifunza tena kupiga mpira katikati ya gongo, kuuweka mahali pasipo mtu, na kukimbia. Na tazameni yaliyofuata. Vyuo vikuu vilipoona kwamba mchezo umepooa mno, havikurudisha magongo makali. Mwaka 2015 vilibadili mpira wenyewe, vikatumia wenye mshono uliolala, ambao hupita hewani kwa wepesi zaidi. Na katika miaka ya karibuni wapigaji wao wamepiga homurani nyingi kuliko zile za mwaka 2010, kwa magongo yale yale yaliyopunguzwa ukali. Wamejenga miili na kuongeza ufundi. Kwa hiyo msiba mliotabiriwa haukuwapo.

Mtu aweza kuniambia, "Kama wanapiga tena kwa nguvu, basi hatari imerudi; sheria imefaa nini?" Ni swali zuri. Jibu langu ni kwamba hakuna sheria iondoayo hatari yote mchezoni. Mkono wenye nguvu una hatari yake, na mimi niliyechagua kusimama pale katikati nimeikubali. Lakini hatari itokayo katika jasho la mwenzangu ni sehemu ya mchezo. Hatari itokayo kiwandani, iliyonunuliwa dukani, si sehemu ya mchezo wowote. Kisha wako wanaosema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo humfariji aliyekwisha kuumia. Haikutungwa ili kumzuia mtu kuziba shimo analoliona njiani.

Sasa nije kwetu. Kuna mtu asemaye kwamba mambo haya ni ya Wamarekani? Na akumbuke kwamba mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, na kwamba mwaka 2015 watoto wa Mpigi waliwafunga Dominican Republic 4 kwa 1 katika mashindano hayo hayo. Tangu tarehe 1 Januari 2018 ligi hiyo yataka magongo ya watoto yawe na alama mpya ya USA Baseball, iliyowekwa kwa shabaha ile ile ya kulileta gongo karibu na mti. Wadogo zetu watakaokwenda tena watakutana na sheria hiyo mlangoni. Na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda walitia sahihi na klabu ya Los Angeles Dodgers. Huko juu gongo ni la mti. Kijana aliyezoea kusaidiwa na ukuta wa alumini atafika huko akiwa kama mwogeleaji aliyejifunza kwa kushika boya.

Lakini lililo karibu nasi zaidi ni hili. Magongo mengi tunayotumia hatukuyanunua. Tumepewa msaada kutoka ng'ambo, na waliotuletea twawashukuru kwa moyo. Majuzi niliomba ruhusa ya mwalimu wa michezo nikayahesabu yaliyo katika stoo yetu. Yako 11. Matatu ni ya mti, mawili yana alama ya BBCOR, na 6 yaliyobaki yana alama za zamani au hayana alama kabisa. Hayo 6 ndiyo wapigaji wetu huyagombania kila siku ya mechi.

Fikirini jambo hilo. Sheria ikibadilika mahali, gongo lililokatazwa haliozi. Bado lang'aa, bado lina nguvu, na mwenyewe huona huruma kulitupa. Ni rahisi litiwe katika mfuko wa msaada na kusafiri. Aliyelitoa hana nia mbaya. Lakini kama gongo hilo halifai tena mbele ya uso wa kijana wa Montana, litafaaje mbele ya uso wa kijana wa Mukono? Fuvu letu si nene kuliko la wengine. Tena kule uwanjani huwa kuna gari la hospitali na daktari si mbali. Huku kwetu uwanja una mashimo, mpira hudunda upande usiotazamiwa, na safari ya kwenda hospitali yaweza kuchukua saa nzima kwa bodaboda. Kama kuna watu wanaohitaji gongo la upole, ni sisi.

Liko na jambo la haki. Nimeona kwa macho yangu mechi ya shule mbili za upande huu, ambapo wageni walikuja na magongo mawili ya mti, moja limefungwa utepe mahali lilipopasuka, na wenyeji walikuwa na gongo la kaboni lenye mlio kama kengele. Wenyeji walishinda kwa pointi nyingi. Hakuna sheria iliyovunjwa, maana hapakuwa na sheria. Nilimtazama mrushaji wa wageni, kijana mfupi wa kidato cha pili, jinsi alivyokuwa akiinua mkono mbele ya uso wake kabla hata gongo halijagusa mpira. Huko si kucheza tena.

Najua jibu nitakalopewa: fedha. Na hapa naungana na wanaolalamika. Gongo zuri lenye alama mpya laweza kuuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300, na huko kwenyewe wazazi hunung'unika, maana mtoto achezaye katika Little League na pia katika mashindano mengine yenye kipimo tofauti huhitaji magongo mawili. Sheria ya kulinda watoto isipotazamwa yaweza kuwa sheria ya kuwachuja maskini. Japan walifanya vizuri zaidi: shirikisho la besiboli la shule za sekondari liligawia shule zake magongo ya namna mpya. Anayebadili sheria na amsaidie anayetakiwa kuitii. Kwetu chama hakina fedha za namna hiyo, lakini kutokuwa na fedha si sababu ya kutokuwa na akili. Kuna mambo manne yanayowezekana bila kungoja mtu.

Kwanza, kila shule iyakague magongo yake. Yasiyo na alama, yaliyopasuka, na yanayolia kwa ndani kama kibuyu chenye mbegu, yasiingie katika mechi. Yatumike kupiga mpira uliowekwa juu ya kigingi, mahali ambapo hakuna mtu aliyesimama mbele.

Pili, katika mechi za shule kwa shule, magongo yawe mali ya mechi, si mali ya timu. Manahodha wakutane kabla ya kuanza, wachague magongo matatu au manne yaliyo salama, na timu zote mbili zipige kwa hayo hayo. Gongo moja likipita mikononi mwa pande zote mbili, anayeshinda ameshinda kweli. Jambo hili haligharimu hata shilingi moja.

Tatu, mazoezi yetu yafanywe zaidi kwa gongo la mti. Najua huvunjika. Lakini huvunjika zaidi mikononi mwa asiyejua kulishika, na likimfundisha kulishika limekwisha kulipa deni lake. Hata kule Japan wako vijana ambao mwaka 2024, walipoona gongo jipya la chuma limekaribia mti, waliamua kulishika la mti lenyewe.

Nne, nawaelekea ninyi wakubwa zetu, hasa mlio ng'ambo. Mara nyingi mmetuuliza twahitaji nini. Msitutumie magongo kumi yaliyokatazwa huko mliko. Tutumieni moja lenye alama, na kofia ngumu mbili za wapigaji, nasi tutashukuru kuliko kupewa gunia zima. Na kabla ya kulifunga gongo kwenye mfuko, lisomeni maandishi yake, kama vile mngelisoma kama lingekuwa la mtoto wenu.

Wako watakaosema kwamba anayepewa hana haki ya kuchagua. Mimi nasema anayo haki ya kuuliza, na mtoaji mwema hachukii kuulizwa. Wala sitaki mtu adhani kwamba naogopa mpira. Nitaendelea kurusha, na atakayenipiga kwa nguvu za mikono yake nitampa mkono mechi ikiisha. Nitakalokataa ni kusimama mita 17 mbele ya gongo ambalo waliolitengeneza wenyewe hawaruhusiwi kulitumia katika mechi za watoto wao.

Haya ndiyo maoni yangu. Mwalimu wa michezo amekubali kwamba shauri la magongo ya pamoja lijadiliwe katika mkutano wa manahodha kabla ya mechi za muhula ujao, na wapigaji wetu wamekwisha kuniambia kwamba watalipinga. Aliye na hoja ya kunishinda na ashike kalamu amwandikie Mhariri. Ukurasa huu ni wa wote. Ila namwomba jambo moja tu: kabla ya kuandika, aende akasimame kidogo kwenye kilima cha mrushaji, na mwenziwe ashike mojawapo ya yale magongo 6.